Buibui Aliyejivua Ngozi Sebuleni Kwetu

Divine, binti wa jirani yangu anayefanya kazi kwenye ofisi za mizigo kule mpakani, alinitumia picha tatu za tarantula kwenye simu, akaandika chini yake: "Mama Patrick, nichagulie." Wa kwanza alikuwa wa buluu kama kitenge kipya. Wa pili alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, ameinua ya mbele na kuonyesha meno. Wa tatu alikuwa wa kahawia tu, mnene, hana la kusifiwa. Nikamjibu: wa tatu. Akanuna. Sasa nasikia ana wenzake hapa mjini wanaotaka pia kufuga, nao wamenuna pamoja naye. Basi sogeeni nyote niwaeleze, maana jibu fupi limewaudhi.

Kazi yangu, kabla sijastaafu, ilikuwa kutunza wanyama wa maabara ya biolojia kwenye shule moja ya sekondari huku Nengo, mtaa wa Gisenyi, Rwanda. Watu wakisikia maabara wanafikiria koti jeupe. Mimi nilikuwa na ndoo, ufagio na mikono inayonuka samaki. Tulikuwa na vyura, samaki wa ziwani, konokono, na tarantula mmoja wa kike ambaye wanafunzi walimwita Mukecuru, yaani bibi kizee kwa Kinyarwanda, kwa sababu alitembea kama mtu anayetafuta miwani yake.

Mukecuru alikuwa wa Maître Bahati, mwalimu wa biolojia kutoka Goma. Kila asubuhi mwalimu huyo alivuka mpaka wa Kongo pale Petite Barrière, katikati ya akina mama wenye mabeseni ya nyanya, shati lake likiwa limenyooshwa vizuri kana kwamba hakusukumana na mtu. Buibui huyo Maître alipewa na rafiki yake wa chuoni, kwa karatasi zote zinazotakiwa. Kabila lake ni la Amerika ya Kusini, lakini yeye mwenyewe alizaliwa ndani ya boksi la mfugaji, hakuwahi kuona msitu.

Siku ya kwanza nilisimama mlangoni, ufagio mbele yangu.

"Mama, ingia," Maître akaniambia. "Hii si simba."

"Hataniruka?"

"Aruke aende wapi? Huyu anapenda nyumba yake. Weye njo unaenda kumusumbua, si yeye."

Mimi nilikulia Karagwe, wazazi wangu walipokuwa wakimbizi Tanzania, na hapa Gisenyi wakinisikia naongea huniuliza kama nasoma habari redioni. Kiswahili cha Maître nacho, cha Kongo, ambacho 'njo' yake ni 'ndiyo', nilikizoea polepole, kama nilivyomzoea buibui wake. Alinifundisha kwa kunikalisha. Naweka kiti mbele ya kioo, natazama, namwambia nilichoona. Amelala? Amekunywa? Tumbo limekuwaje? Nilikuwa nikingoja siku atakayoniwekea Mukecuru kiganjani, kama kwenye picha mnazopenda. Siku hiyo haikufika.

"Ukimuangusha, tumbo inapasuka kama yai," alisema nilipomuuliza. "Donc unamubeba ya nini? Ili nani akuone?"

Swali hilo nawakabidhi kama nilivyolipokea.

Turudi kwenye picha. Yule wa buluu ni wa mitini. Anakimbia kuliko jicho lako, na ukifungua mfuniko kumpa maji atakuwa kwenye mkono wa sweta kabla hujasema neno. Msubirini mpaka mikono yenu itulie. Yule wa pili anapendeza kwenye picha, lakini huo si ufahari. Huyo ni mnyama anayemwomba mpiga picha aondoke.

Wa namna yake tunao hapa hapa kwetu. Faustin, mtunza bustani wa shule, alikuwa akilima maharage akafukua shimo lililotandikwa utando mweupe ndani. Akamleta mwenye shimo maabara kwenye ndoo ya plastiki, akijua ametufurahisha. Nikachungulia. Buibui akainuka, akapiga meno kwenye ukuta wa ndoo, tiki, tiki, kama mtu anayebisha hodi kwa hasira. Nilijikuta juu ya meza. Darasa zima lilikuwa juu ya meza. Maître peke yake alibaki chini, akafunika ndoo kwa kitabu.

"Huyu iko kwake," akasema. "Arudi kwake."

Tukatoka kwa msafara mpaka kwenye shamba, Faustin mbele na ndoo, akamrudisha. Tangu hapo Faustin aliacha kipande kile bila kukilima, akapanda maharage kukizunguka, na mgeni akija alimwonyesha kwa majivuno. Nanyi msiende kufukua mashamba. Hao wetu wana mbio, na wakiuma inauma kwelikweli. Waacheni na mashimo yao. Anayetaka kufuga atafute aliyezaliwa kwa mfugaji, na kabla ya yote aulize ruhusa kwa wanaohusika na wanyama wa pori. Tulivyofanya sisi ndivyo mtakavyofanya.

Ndiyo maana nilisema wa kahawia. Anaishi chini, anakua taratibu, na akikasirika anachofanya zaidi ni kukugeuzia mgongo na kukurushia vinyweleo vya tumboni mwake. Vinawasha. Usijipanguse macho kabla ya kunawa. Divine anataka dume kwa sababu dume ana miguu mirefu. Dume akikomaa anaacha kula, anazunguka boksi akitafuta mke ambaye humo hayumo, kisha anakufa. Chukua jike, utakaa naye mpaka uoe au uolewe na upate watoto. Usimchukue kichanga kama punje ya mtama. Mchukue aliyefikia nusu ya ukubwa wake, naye umwone akitembea. Tumbo liwe la mviringo, lisinywee kama zabibu kavu. Ukimkuta amekunja miguu yote chini yake kama kiganja kinachofumbwa, huyo anaondoka duniani. Usimnunue kwa huruma.

Nyumba, sasa. Hapo ndipo watu wengi wanaharibu, na sisi tuliharibu kwanza.

Mukecuru alipofika shuleni aliwekwa kwenye tangi refu la samaki, kwa sababu lilikuwa zuri na wageni walilisifu. Alipanda kioo mpaka juu. Mfuniko ulikuwa wa wavu wa chuma, kucha yake ikanasa, akabaki ananing'inia kwa mguu mmoja, tumbo zito likielea hewani. Maître alimtegemeza kwa kiganja kilichovikwa kitambaa, akainasua ile kucha kwa brashi ndogo ya rangi. Shati lake lililonyooshwa lililowa jasho mgongoni. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akimshika.

Tukaenda kwa fundi wa vioo aliye jirani na soko. Maître alitaka boksi pana, fupi, urefu kutoka kwenye udongo mpaka mfuniko usizidi sana upana wa buibui akinyoosha miguu. Fundi alipima, akasita, akatuuliza kwa sauti ya pole kama paka wetu alikufa kwa ugonjwa. Alidhani tunaagiza jeneza. Mfuniko tuliuweka wa plastiki ngumu, tukautoboa kwa msumari wa moto, na ukawa na kifungo. Tarantula ana nguvu kuliko mnavyofikiri. Mfuniko unaoegeshwa tu anausukuma.

Udongo, msichukue huu mchanga wetu wa volkano. Unakwaruza. Mimi nilichota kwenye shamba lisilopigwa dawa, nikauchekecha, nikaukaanga kwenye sufuria kuua vijidudu. Wanafunzi walipita dirishani wakisema leo Mama Patrick anapika chakula cha walimu. Ushindilie, uwe wa kina, aweze kuchimba. Weka nusu ya chungu kilichovunjika awe na mahali pa kujificha. Maji weka kwenye kifuniko cha chupa ya jamu, bila sifongo, maana sifongo inaoza. Taa ya joto haina kazi hapa Gisenyi. Chumba unachokaa wewe bila koti, naye anakaa. Ila usimweke dirishani, maana jua la saa sita kwenye kioo linamchemsha kama kiazi.

Na dawa ya kupuliza isimsogelee. Dawa inayoua mende inamuua na yeye, haichagui. Nalisema hili nikiwa na sababu, na sababu yenyewe ni mama mkwe wangu.

Maître Bahati alipata kazi Kisangani. Safari ilikuwa ndefu mno kwa Mukecuru, akaniachia. Muda si mrefu chumba cha wanyama kikahitajika kwa kompyuta. Vyura walienda shule nyingine, samaki walipata wenyewe, lakini buibui hakuna aliyemtaka. Mkuu wa shule akaniruhusu nimpeleke nyumbani, mimi nikabaki shuleni na ufagio wangu.

Nyumbani kwetu ilikuwa nyumba ya kupanga kwenye ua wenye wapangaji wengi, mtaa ulio juu ya mpaka. Nilikaa na mume wangu Silas, fundi wa magari, na mama yake, Mama Veronika, mjane aliyerudi kutoka Masisi huko Kongo, aliyelea watoto tisa na hakuwahi kuogopa kitu mpaka nilipofunua kitambaa nilichofunikia boksi la buibui.

"Sasa hii njo nini?"

"Ni wa shule, mama. Anaitwa Mukecuru."

Silas akaangalia dari. Mama Veronika aliliwaza hilo jina, kwa sababu yeye mwenyewe mtaani kila mtu alimwita hivyo, mukecuru, kwa heshima.

"Ndani ya nyumba moja haiwezi kuwa na Mukecuru wawili," akasema. "Huyu ni mugeni. Na mugeni anakuyaka, anarudi."

Mgeni huja na kurudi kwao, basi akawa Mugeni. Akawekwa kwenye rafu ya sebuleni kwa muda tu. Mama mkwe alihamisha kiti chake upande wa pili wa chumba, akakaa akimpa mgongo. Alipopita na chai alipita kwa ubavu.

Kilichomgeuza ni chakula. Nilikuwa nafuga nyenje kwenye ndoo, wale wadudu wanaolia kwenye nyasi, nikamrushia mmoja Mugeni. Hakugusa. Nikamtoa nyenje, nikajaribu tena baada ya siku kadhaa. Hakugusa. Mama mkwe alijifanya haoni.

"Haikule," akasema mwishoni, bado amenipa mgongo.

"Hali, mama."

"Iko mugonjwa?"

"Hapana. Anajiandaa kujivua ngozi. Tazama tumbo, limekuwa jeusi na linang'aa. Atalala chali, miguu juu, utasema amekufa. Wakati huo hakuna kumgusa, hakuna kusogeza boksi. Mwili wake unakuwa laini kama ugali wa moto."

Akabaki amenipa mgongo. Lakini mwanamke aliyelisha watoto tisa hawezi kukaa chumba kimoja na mtu anayekataa chakula. Nilianza kumkuta amesimama mbele ya rafu, mikono nyuma. Siku moja nilikuta kipande cha kiazi kitamu juu ya mfuniko. 

Halafu kunguni wakaingia kwenye ua wetu. Mwenye nyumba, Papa Yusufu, mfanyabiashara wa vitambaa aliyekuwa Goma nusu ya wiki, akaamua kupulizia vyumba vyote. Hakujua habari za Mugeni. Sharti lake la kwanza kwa wapangaji lilikuwa kwamba hataki mifugo, hata kuku. Tulikuwa tumeambiwa wapulizaji wanakuja Jumatatu, nami nilikuwa nimepanga kumhamishia Mugeni kwa Faustin Jumapili. Wao wakaja Ijumaa. Mimi nilikuwa kazini, Silas gereji. Mama mkwe alikuwa peke yake, na asubuhi ile ile Mugeni alikuwa amelala chali.

Niliporudi nyumbani adhuhuri niliikuta pikipiki ya Papa Yusufu nje, na vijana wawili wenye mitungi ya dawa mgongoni wamekaa kwenye ngazi yetu wakila mahindi ya kuchoma. Vyumba vingine vyote vilikuwa wazi, vikinuka. Chetu kilikuwa kimefungwa.  Nilijiona tumeshafukuzwa, nimebeba magodoro barabarani.

"Kuna nini?" nikawauliza.

"Mukecuru amekataa," mmoja akasema. "Alikaa mulangoni na kiti yake. Tukamwambia tumetumwa. Akasema yeye hakututuma. Tukamwita patron."

"Na patron yuko wapi?"

"Iko ndani. Aliingia zamani, hatoki."

Nikasukuma mlango. Papa Yusufu, mtu mzito, alikuwa amepiga magoti mbele ya rafu yetu, kofia yake mkononi. Mama Veronika alikuwa pembeni yake kwenye kiti. Wote wawili hawakugeuka.

"Funga mulango, upepo," mama mkwe akanong'ona. "Iko navua nguo."

Nikasogea. Mugeni alikuwa amegeuka ubavu. Ngozi ya zamani ilikuwa imefunguka kifuani kama mfuniko wa kopo, na yeye alikuwa akijivuta kutoka ndani yake, miguu yote kwa pamoja, polepole, anavuta, anapumzika, anavuta. Miguu mipya ilitoka ikiwa na rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Nilikuwa nimeona jambo hilo shuleni mara kadhaa, lakini sijawahi kuliona nikiwa nimesimama karibu na mwenye nyumba.

"Inamuuma?" Papa Yusufu akauliza.

"Inamuchokesha," mama mkwe akamjibu, kama mtu aliyesomea. "Wanawake tunajua ile kazi. Usiguse rafu, papa."

Papa Yusufu akaondoa kiwiko rafuni.

Tulikaa hivyo mpaka mguu wa mwisho ulipotoka. Ngozi ya zamani ilibaki pembeni, nzima, na kucha zake na vinyweleo vyake, utadhani ni buibui wa pili. Papa Yusufu akashusha pumzi, akajitahidi kuinuka, Mama Veronika akampa mkono.

Nilianza kujieleza. Kwamba ni wa shule, kwamba ni kwa muda. Akaninyamazisha kwa kofia.

"Mi nilikataza kuku," akasema. "Hii si kuku."

"Si kuku," mama mkwe akakubali.

"Anapiga kelele?"

"Hapigi."

"Ananuka?"

"Papa, wewe njo unanuka dawa."

Akacheka kwa pua. Akatoka akawaambia vijana chumba chetu kitafanywa kwa maji ya moto na jua, magodoro yatolewe nje, na ndivyo tulivyofanya siku mbili nzima mpaka mikono ikababuka. Kunguni waliondoka. Kuhusu Mugeni alitoa sharti moja, kwamba mpangaji wa mwisho wa ua, mama mmoja mwenye moyo mwepesi, asiambiwe. Baada ya hapo kila aliporudi kutoka Goma alibisha hodi kwetu, akasalimia, akachungulia rafuni kabla ya kuuliza habari za kodi.

Mama mkwe alirudisha kiti chake upande wa rafu. Nilimwambia baada ya kujivua asilishwe mpaka meno yawe meusi tena na magumu, akanitazama kama ninayemfundisha kulea. Alipenda kumpa maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone, pembeni ya kifuniko. Akizungumza naye alitumia Kinyarwanda, lugha ya nyumbani. Kiswahili alikiacha cha wageni, ingawa jina hakulibadilisha.

Miaka ikapita. Nikastaafu. Kisha Maître Bahati akanipigia: amerudi Goma, amepata nyumba yenye chumba cha ziada, Jumamosi anakuja kumchukua Mukecuru wake.

Ilikuwa haki yake. Nilimwambia mama mkwe tukiwa tunachambua maharage. Akaendelea kuchambua. Jumamosi asubuhi alifagia sebule mara mbili na kuvaa kitenge cha kanisani.

Maître alikuja na mvi na shati lililonyooshwa. Chini ya kwapa alibeba boksi la safari alilolitengeneza mwenyewe, dogo, lenye matundu safi na karatasi laini ndani. Nilitazama kazi ile nikaona hakusahau chochote. Mama Veronika alimpa chai na maandazi, akamwacha anywe, kisha akaanza kumweleza. Alisema kila kitu, kama mtu anayempeleka mtoto shule ya mbali.

"Nyenje kubwa hapendi, unamupa ya katikati. Akikataa, usimulazimishe, anajua tumbo yake. Redio usiweke juu ya rafu yake, inatetemesha udongo. Maji unamwaga kidogo kidogo, hivi." Akachukua lile bomba, akaonyesha. Mkono wake ulikuwa unatetemeka siku hizo, lakini maji yalianguka palepale kwenye kifuniko. Mugeni akatoka kwenye chungu chake, hatua moja, nyingine, akashusha kifua majini akanywa.

Maître aliweka kikombe chini. Alimtazama buibui, akamtazama bibi, kwa muda mrefu.

"Mama, kwa kweli nilikuya tu kumusalimia," akasema.

Macho yangu yalienda kwenye boksi lililokuwa mapajani mwake, naye akaona yalipokwenda.

"Hii nitaweka mayai," akasema.

Nilimsindikiza mpaka barrière. Akina mama walikuwa wanarudi na mabeseni matupu, tukangoja foleni ipungue. Aliniambia nyumba yake mpya ina chumba kizuri, lakini atakuwa shuleni kutwa nzima. Kisha akaniaga, akavuka.

Nilipofika nyumbani mama mkwe alikuwa bado amevaa kitenge cha kanisani, amesimama katikati ya sebule.

"Ameenda?"

"Ameenda, mama."

"Amebeba nini?"

"Hakubeba kitu."

 Akashika kiti chake, akakisogeza karibu zaidi na rafu, akaketi, na kuniambia chai iliyobaki kwenye chupa ninywe mimi.